Kamba ya Ukindu

Kipo kitendawili ambacho wanawake wa Dunda, mtaa wa Bagamoyo, hawakukitega mbele ya watoto: Nimejengewa nyumba kwa kipimo changu mwenyewe, na fundi sikumwona. Jibu lake ni maiti. Mtu akifa, kabla watu hawajakwenda kuchimba, huchukuliwa kamba ya ukindu ikanyooshwa kutoka utosini hadi nyayoni. Kamba hiyo hupelekwa makaburini ili mwanandani, ule ufuo wa kulazia maiti ndani ya kaburi, usiwe mfupi, mtu akalazwa kakunja magoti. Hairudi nyumbani tena. Ukindu ule ule unaosukiwa mikeka ya harusi na ya kuswalia, siku hiyo una kazi nyingine, na hakuna apendaye kuizungumza.

Ndiyo maana Bimdogo aliposikia neno lile, upawa ulimponyoka ukatumbukia chunguni.

"Rudia, Sada. Umesema mwalimu kafanya nini?"

"Kawapima." Bi Sada alikuwa jirani yake, mkaanga vitumbua, na habari za Dunda zilipita kwake kabla ya kwenda kokote. "Kwa kamba ya ukindu, mwenzangu. Utosini mpaka kisiginoni, mmoja mmoja. Mina wangu kapimwa, na Kombo wako kapimwa. Kisha kamba zote kazitundika ukutani kama samaki ng'onda wa kukausha."

"Watoto wazima?"

"Wazima, wanaruka."

"Akasema anawapimia nini?"

"Mina kamuuliza. Kajibiwa, 'Nataka niwajue.'" Bi Sada alibinua mdomo. "Awajue! Mtu hujulikana kwa jina la babake na mtaa wake. Tangu lini akajulikana kwa urefu?"

Bimdogo hakucheka. Miaka miwili nyuma, mwaka wa surua, aliiona kamba kama ile ikinyooshwa juu ya binti yake Dija, ikakatwa fupi mno, fupi kuliko mkono wa mtu mzima anapoukunjua. Kombo alikuwa chumba kile kile siku ile, naye kavimba macho kwa surua, hajui kinachopita. Mungu alimwacha Kombo. Sasa alikuwa na miaka minane, ndiye mtoto pekee aliyebaki nyumba ile, na leo naye kapimwa.

Na wewe unayesoma, usimcheke Bimdogo. Ngoja kwanza.

Mwalimu mwenyewe aliitwa Chausiku. Alikuja mwaka ule wa sitini na tisa kufundisha darasa la kwanza, msichana mrefu, mkimya, gauni lake limefungwa hadi shingoni, kanga mabegani. Alipanga chumba nyuma ya msikiti, akaishi peke yake. Watu walimsubiri aanze na a, e, i, o, u, kama walimu wote walivyoanza tangu shule ijengwe. Hakuanza. Wiki za kwanza hakuna mtoto wa darasa la kwanza aliyerudi nyumbani na herufi hata moja.

Walirudi na mambo mengine. Mwalimu katutazama meno. Mwalimu katusimamisha mguu mmoja. Mwalimu katunusa vichwa. Mwalimu katuuliza jana tulikula nini, na nani kalala na njaa, na usiku tuliota nini. Kulima bustani ya shule watu walikubali, serikali ilikuwa imesema elimu ya kujitegemea. Lakini serikali haikusema lolote habari za kunusa vichwa.

"Ndoto za watoto zinamhusu nini?" Bi Sada alikuwa akiuliza huku akigeuza vitumbua. "Akishajua mtoto kala nini na kaota nini, kimebaki nini hajakijua? Kimebaki kipimo. Na kipimo ndicho hicho kakichukua."

Kisha akainama, sauti akaishusha. "Na kuna jingine. Mina anasema husimama nyuma yao akawanong'oneza kisogoni."

"Anawanong'oneza nini?"

"Mtoto hawezi kusema. Anacheka tu."

Siku ya pili Bi Sada alileta la tatu, na hilo ndilo lililoziba njia zote za kumtetea. Mtu wa Saadani aliyekuja kuuza kaa alimtambua mwalimu sokoni. Alisema Chausiku yule hana mama wala baba, kalelewa na bibi yake, na bibi yake alikuwa mwosha maiti wa Saadani nzima. Yeye mwenyewe tangu mdogo alikuwa akimshikia bibi yake ndoo.

Bi Sada alirudi kwenye vitumbua vyake. Hakukuwa na haja ya kuongeza neno.

Kombo mwenyewe hakuwa mtoto mwepesi, na hilo kila mtu alilijua. Ukimwita, mara anaitika, mara anapita kama hujasema. Ukimtuma chumvi, analeta chungu. Chuoni kwa Maalim, wenzake walikuwa wamefika mbali katika juzuu ya kwanza ya Kurani, yeye bado anarudia ya juzi, na viboko alivila kuliko uji. Baba yake, Mwinjuma, alikuwa fundi bati. Alitengeneza vibatari na makarai barazani kwake, nyundo yake ikasikika mpaka sokoni, na alikuwa mtu asiyependa kusema jambo mara mbili.

"Huyu si mtoto wa shule," alimwambia mkewe jioni ile. "Mzito. Au jeuri, mimi sijui. Mrisho anakuja Ijumaa na gari la mihogo. Atarudi naye Fukayosi, akafukuze ndege shambani, akalime. Kichwa kikikataa, mikono haikatai."

Mrisho alikuwa kaka yake Mwinjuma. Kila mara lilipotajwa jambo hilo, Bimdogo alikuwa akilizima: mtoto mdogo, mtoto ana kifua, subiri Idi ipite. Safari hii maneno hayakumjia. Akifikiri Fukayosi, aliona kitanda cha mwanawe kitupu. Akifikiri shule, aliona kamba ukutani. Huku atampoteza kwa shemeji, kule atampoteza kwa mwalimu. Alinyamaza, na Mwinjuma akadhani kakubali.

Lakini alikuwa ameamua kitu kimoja moyoni. Kamba ya mwanawe aichukue, itiwe motoni. Hayo mengine yatafuata.

Njia ya kuingia shule mwalimu mwenyewe alikuwa kaifungua. Alikuwa amewaalika kina mama wanaojua kusuka waje siku yoyote kuwafundisha watoto kusuka ukili wa mikeka. Hakuna aliyekwenda. Alhamisi asubuhi Bimdogo alijitia buibui, akachukua fungu la ukindu kwapani kama mtu mwenye kazi, akashika njia.

Hakuingia. Alisimama dirishani, pembeni, pale mtu wa ndani asipoona kivuli.

Kamba alizikuta, zimepangwa ukutani kwenye misumari. Juu ya kila msumari kilibandikwa kitu, maana watoto walikuwa hawajui kusoma majina: ganda la kome, kifungo, unyoya wa kanga, mbegu ya mbuyu. Kipande cha bati kilichokatwa mfano wa samaki alikijua papo hapo. Ni mkono wa Kombo, katika mabaki ya babake. Chini yake ilining'inia kamba yake.

Kamba za wengine zilikuwa laini, zimenyooka. Ya Kombo ilikuwa na mafundo.

Mafundo. Mengi, yamesongamana upande mmoja, moja juu ya jingine kama tumbo la nyoka aliyekula. Kila mtoto wa Dunda huisoma sura ya Falaki kabla ya kujua kufunga kikoi, na ndani yake mna kinga dhidi ya shari ya wale wapulizao mafundoni. Mbona wengine hapana? Mbona wangu tu?

Ndani, mwalimu aliwaambia watoto waendelee kupanga kokoto makundi makundi. Yeye akaitungua kamba ya Kombo. Akamfuata Kombo kwa nyuma. Hakuvaa viatu, nyayo zake hazikutoa sauti. Aliinama nyuma ya bega la kushoto la mtoto, kamba kainyoosha baina ya kidole chake na sikio la Kombo, na midomo yake ikacheza. Kombo hakugeuka, aliendelea na kokoto zake. Mwalimu alisogea karibu, midomo ikacheza tena. Akasogea zaidi. Kisha akahamia bega la kulia, na midomo ya mtoto nayo ikacheza; hapo akasimama, akafunga fundo, akalikaza kwa meno.

"Audhu bi Rabbil-falaq," Bimdogo alisema, bila kujua kwamba kasema kwa sauti.

Mwalimu aligeuza kichwa dirishani. Kombo hakugeuka.

Watoto walipotoka kucheza, Bimdogo aliingia. Hakubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akaikwanyua kamba yenye samaki wa bati, akaiviringa mkononi.

"Karibu, mama Kombo," mwalimu alisema nyuma yake. "Nilidhani umekuja kusuka."

"Nimekuja kuchukua kilicho changu."

"Ni chako. Shikamoo."

Salamu ya heshima huwezi kuiacha chini. "Marahaba," Bimdogo alijibu kwa meno. Kisha akageuka. "Nikuulize, mwanamke wewe, na unijibu. Ni kweli umelelewa na mwosha maiti?"

"Kweli."

"Na kupima watu kwa kamba umejifunza kwake?"

"Kwake."

Bimdogo alikuwa amejiandaa kukanushiwa. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa ya kumkamata mwongo, na mwongo hakupatikana. Hilo lilimtisha zaidi. Mtu anayeficha uovu ana haya kidogo. Huyu hakuwa na haya.

"Na huogopi kuniambia?"

"Niogope nini? Mwosha huoshwa. Hata wewe umeshamwita mwosha nyumbani kwako, Mungu amrehemu uliyemwitia." Chausiku alikaa juu ya kibao kidogo cha watoto, magoti yakamfika kidevuni. "Bibi yangu akishamaliza kumwosha mtu, alikuwa anatoka nje kanuna. Watu wakidhani ni huzuni. Mimi niliyeshika ndoo nilijua ni hasira. Kamwosha mama mmoja aliyesemwa mvivu maisha yake yote, kakuta unyayoni mwiba wa zamani, umezama mpaka mfupani. Kamwosha msichana wa rika langu, mkaidi kwelikweli, kila siku anapigwa kwa kutosikia. Kamgeuza ubavu, sikioni mkatoka choroko, imeshaota mzizi. Usiku ule bibi hakula. Aliniambia, 'Chausiku, watu hutazamwa vizuri siku moja tu, na siku hiyo hawana haja nayo tena.'"

Bimdogo alisogea hatua moja kuelekea mlangoni.

"Basi aliuza mikeka akanisomesha. Nilipokwenda kusomea ualimu wakanifundisha herufi na hesabu, nikashukuru. Lakini mtoto hanijii kichwa peke yake, mama Kombo, kama kichwa cha nguru kinavyouzwa sokoni. Ananijia na tumbo lake, na meno yake, na ndoto zake, na aliyemfokea asubuhi. Nikimpa herufi na tumbo lina minyoo, herufi zitakwenda kwa minyoo. Kwa hiyo nawatazama kwanza, wote, kila mahali. Wangali hai."

"Maneno mazuri," Bimdogo alisema. "Hata mganga ana maneno mazuri. Na kunong'ona kisogoni?"

"Nawategea kitendawili."

"Kisogoni?"

"Nasema 'Kitendawili.' Anayesikia hawezi kuzuia ulimi wake, lazima aseme 'Tega.' Wewe unaweza kuzuia? Hakuna mtoto wa pwani anayeweza. Nikitega usoni, Kombo ananijibu, kwa sababu anasoma midomo yangu. Anasoma midomo vizuri kuliko mimi nisomavyo kitabu. Nikiwa nyuma, upande wa kushoto, hajibu kabisa. Upande wa kulia anajibu nikiwa karibu. Kila nikimjaribu nafunga fundo pale aliposikia, nijue kama ni kweli au ni mchezo wa siku moja. Mafundo yote yako mahali pamoja. Wenzake hawana fundo kwa sababu wananisikia hata kamba ikiisha."

Ilichukua muda neno kumfika Bimdogo pale lilipokuwa linakwenda.

"Mwanangu si kiziwi!"

"Sikusema kiziwi."

"Nyundo ya babake anaisikia. Ngoma anaisikia. Radi anaisikia, anajificha uvunguni!"

"Nyundo ya babake hata mimi naisikia, na nakaa nyuma ya msikiti. Sikio la kulia lina uhai. La kushoto limelala."

"Limelazwa!" Bimdogo aliinua ngumi yenye kamba. "Kwa mafundo haya! Mtoto kanitoka nyumbani na masikio mawili, kaingia kwako, ukampima kama maiti, ukamfunga sikio, kisha unaniambia mimi, mamake, ati limelala!"

Chausiku hakuinuka kumzuia. "Ichukue. Ifungue mafundo yote. Ukishayafungua, mtegee wewe mwenyewe. Simama nyuma yake. Kushoto kwanza."

Njia nzima neno hilo lilimuwasha Bimdogo. Mganga naye husema hivyo hivyo: ukifika nyumbani fanya hivi, anza kushoto. Kwa nini anitume? Kuna nini huko kushoto? Alikuwa ameazimia kutomtii, kamba aiteketeze na mambo yaishe.

Lakini fundo haliteketezwi kabla ya kufunguliwa, hilo kila mtu anajua. Ukilichoma limefungwa, umelifunga milele. Alikaa jikoni, akayafungua moja moja, mengine kwa kucha, mengine kwa meno, akisoma Falaki na Nasi na kupuliza kila lililolegea. Ukindu ukabaki umepindapinda lakini wazi. Akautia kwenye makaa. Ukawaka kidogo, ukatoa moshi wa harufu ya mkeka mpya, ukaisha.

Alhamdulillahi. Sasa sikio liko huru.

Kombo alirudi, akala, akakaa uani na vipande vyake vya bati, anatengeneza gari. Mgongo kampa mamake. Bimdogo alisimama mlangoni pa jiko akimtazama, na hamu ikamshinda. Si kumtii mwalimu. Bali apate ushahidi, akamwambie Sada, akawaambie wote: nimefungua mafundo na mwanangu kasikia.

Alinyata mpaka nyuma ya bega la kushoto. "Kitendawili," alisema polepole.

Kombo alikunja tairi la bati.

"Kitendawili."

Kombo alilijaribu tairi kwa kidole, likazunguka.

Pengine kashughulika, Bimdogo alijiambia. Mtoto akishika bati kama babake, hasikii dunia. Basi akachagua neno ambalo hakuna mtoto wa Dunda anayeshughulika mbele yake. "Kombo, kuna kitumbua cha moto kwa Bi Sada. Nikupe?"

Mtoto yule alikuwa anaweza kunusa kitumbua tokea chuoni. Hakutikisika.

Bimdogo alipita kwa nyuma, akainama upande wa kulia, karibu, pumzi yake ikigusa shavu la mtoto. "Kitendawili."

"Tega!" Kombo alisema kwa furaha, na hata hakugeuka. Mikono iliendelea na gari.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kumrudia Bimdogo, si kwa mpango, kama maji yanavyoingia mtumbwi uliotoboka. Asubuhi zile mtoto kalalia ubavu wa kulia, unamwita mpaka sauti inakwama, haamki. Ukimkuta kalalia wa kushoto, neno moja tu kasimama. Chumvi iliyogeuka chungu. Chuoni, mahali pake pa kukaa, kulia kwake ukuta na kushoto kwake Maalim. Na usaha. Ule usaha uliomtoka sikioni mwaka wa surua, wiki nzima, naye akautia mafuta ya nazi ya uvuguvugu mkono mmoja, mkono mwingine anafuta machozi ya Dija. Usaha ulipokauka alishukuru, akadhani umepona. Nani angetazama sikio nyumba ilipokuwa na msiba?

Mwaka ule Mwalimu Chausiku hakuwa Bagamoyo. Hakuna aliyekuwa amelisikia hata jina lake.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Baada ya swala Mrisho alifika na gari lake, akashusha mihogo, akakaa barazani na nduguye kusubiri chai. Nguo za Kombo zilikuwa zimefungwa kwenye kitambaa.

"Haendi," Bimdogo alisema.

Mwinjuma aliweka nyundo chini. "Tumeshalizungumza hilo."

"Ulizungumza wewe. Baba Kombo, mtoto si mzito. Mtoto hasikii upande wa kushoto. Surua imemla sikio."

"Nani kakwambia?"

Alijua jina hilo litaleta nini, akalisema. Mwinjuma akacheka, cheko la bati.

"Jana huyo alikuwa mchawi. Leo kawa daktari. Kakupa nini ukanywa?"

"Hakunipa kitu. Na mimi simwamini. Ndiyo maana nikajaribu mwenyewe. Na wewe usiniamini mimi. Nenda pale alipo, simama nyuma yake kushoto, mwambie neno lolote unalojua angelifurahia."

"Nyundo anaisikia, Bimdogo! Kila siku yuko hapa, nagonga, anaisikia!"

"Basi mwambie bila nyundo."

Mrisho alikuwa akitazama kikombe chake. Mwinjuma aliinuka kama mtu aendaye kumaliza upuuzi. Kombo alikuwa ameketi kwenye ngazi za baraza, gari lake la bati mapajani, mzigo wake pembeni. Babake alisimama nyuma yake, upande wa kushoto. Alikohoa. Halafu akasema, kwa sauti ambayo mkewe hakuisikia kwake tangu siku za uchumba, "Kombo. Huendi Fukayosi. Utabaki hapa na mimi."

Mtoto alikuwa akitazama gari la baba yake mkubwa, lile lililokuja kumchukua. Hakugeuka. Tone moja lilimtoka puani, akalifuta kwa mkono.

Mwinjuma alisema tena. Alisema mara ya tatu, na mara hii sauti ilikatika katikati. Kisha akazunguka, akachutama mbele ya mtoto, uso kwa uso, akalirudia neno lile lile. Kombo aliitazama midomo ya babake kwa makini, kama atazamavyo fundi, na uso wake wote ukafunguka.

Mrisho aliondoka peke yake, na makarai mawili mapya aliyopewa. Nyundo haikusikika tena barazani siku ile, na majirani wakaulizana kama fundi anaumwa.

Jumatatu Bimdogo alikwenda shule na Kombo mkononi. Kwapani alikuwa na kamba mpya aliyoisuka mwenyewe, ukindu wa kuchagua, nyembamba, imara, mshono hauonekani. Bi Sada alimfuata nyuma kwa mbali, ati anapeleka vitumbua.

"Sijakuamini bado," Bimdogo alimwambia mwalimu mlangoni, kabla ya salamu.

"Usiniamini. Kaa."

"Nitakaa. Ukimpima, upime mbele yangu. Na fundo nifunge mimi, kwa Bismillahi."

"Fundo lako litakuwa zuri kuliko langu," Chausiku alisema. "Na kuna mganga wa hospitali anayeangalia masikio. Tumpelekee Kombo sote wawili. Naye usimwamini, muulize."

Kombo alihamishwa kibao. Aliwekwa mwisho wa safu ya mbele, ukuta kushoto kwake, darasa zima na mwalimu kulia kwake. Alipokaa aliutazama ukuta, akautazama ubao, akajinyoosha kama mtu aliyepewa chumba chenye dirisha. Dirishani kwenyewe kilitokea kichwa cha Bi Sada.

"Mwalimu! Na Mina wangu mpime tena. Lakini mimi nikiwapo!"

"Ingia, Bi Sada. Hata wewe utapimwa."

"Ebo! Mimi sijafa!"

Watoto walicheka, na Bimdogo naye, ingawa macho yake hayakutoka kwenye mikono ya mwalimu. Alikaa siku ile mpaka mwisho. Akaja tena siku nyingine, na nyingine, sababu yake akisema ni kufundisha ukili.

Njiani kurudi, siku ile ya kwanza, alimshika Kombo mkono wa kulia ili sikio zuri liwe upande wake. Mtoto alikuwa akirukaruka.

"Mama, kitendawili!"

"Tega."

"Ndugu wawili nyumba moja, hawajaonana tangu kuzaliwa. Mmoja kalala, mwenzake anafanya kazi ya wawili."

Bimdogo alilijua jibu. Lakini alitaka alisikie kwake. Akatikisa kichwa.

"Umeshindwa! Nipe mji!"

"Nakupa Fukayosi."

Kombo alisimama katikati ya njia, akafikiri, akakunja uso.

"Fukayosi sitaki. Nipe Bagamoyo."

"Chukua, baba. Bagamoyo yote."

"Nimekwenda Bagamoyo," Kombo alisema, kifua mbele, "nimekaa, sitoki. Jibu lake masikio."